21 ya kwanza Mbeya: ugawe vipi nguvu, na miguu isikuue baada ya hapo

Swali limetoka kwa dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huku Iyunga. Ameandika hivi: "Shikamoo kocha. Nimehamia Mbeya mwaka jana toka Dar. Nimejiandikisha mbio za kilomita 21, zimebaki wiki tano, ndo mbio zangu za kwanza kabisa. Kumi huwa naimaliza kwa dakika 70, na mbali zaidi niliwahi kufika ni 14. Shida yangu, naanza vizuri sana ila nikifika ya nne ya tano pumzi inakata naanza kutembea. Alafu ile siku ya 14 miguu iliniuma siku nne, ngazi za shule nikawa nashuka kinyumenyume watoto wanacheka. Nigawe vipi nguvu, na baada ya mbio nifanye nini ili jumatatu niingie darasani kama watu?"

Marahaba mwalimu. Umeniuliza mambo mawili ila mimi naona ni jambo moja, maana wengi wanadhani mapumziko ni kitu unaanza kukifikiria ukishavuka mstari na kuvaa medali, wakati maumivu ya jumatatu unakuwa umeshayatengeneza mwenyewe njiani jumapili, na huku kwetu nyanda za juu yanatengenezwa sehemu mbili tu, kwenye kilomita za mwanzo na kwenye mteremko. Ukizituliza hizo sehemu mbili kazi ya baada ya mbio inakuwa ndogo sana.

Tuanze na mwanzo wa mbio. Mnapangwa pale asubuhi, Mbeya baridi lake unalijua, kama ni mwezi wa sita au wa saba ndo kabisa unatetemeka, mziki unapigwa, kila mtu karuka ruka, filimbi ikilia watu wanachomoka kama wanakimbizwa na wewe unachomoka nao. Na mwili utakudanganya, hapo ndo penye hatari yenyewe, kwasababu una usingizi wa kutosha, miguu ina wiki nzima haijachoka na baridi inakupoza jasho, kwaiyo dakika kumi za kwanza spidi yoyote utaiona nyepesi. Misuli inaanza kuchoma sukari kwa fujo kuliko oksijeni inavyofika, na ile sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na kwenye ini haina mwisho mzuri ukiitumia hivo. Pumzi inakata kilomita ya nne ya tano kwasababu ya mbili za kwanza. Wewe siyo mnyonge na wala mapafu yako hayana shida, unalipa tu deni la kilomita mbili ulizokimbia kwa pesa ya kukopa.

Alafu kuna hili la kuhamia toka Dar. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kila pumzi unayovuta inakuletea oksijeni pungufu kama asilimia 18 hivi ukilinganisha na pale Coco Beach. Mwaka mzima umeshakaa, mwili umeshazoea kiasi kikubwa, usiogope, ila ile spidi uliyokuwa unaikimbia Dar uifute kichwani, usijipime nayo. Na kama kuna rafiki zako wanapanda basi toka Dar ijumaa wakimbie jumapili waambie watoe angalau nusu dakika kila kilomita toka kwenye mwendo wao wa kawaida, wasije wakadhani wanaumwa.

Sasa namba. Nachukulia hizo dakika 70 za kumi umezikimbia hukuhuku Mbeya. Kwa mtu anayeanza, mda wa 21 unaupata kirahisi, zidisha mda wako wa 10 mara mbili alafu ongeza dakika 15 mpaka 20. Wewe mazoezi yako marefu bado ni machache kwaiyo tuongeze 20, inakuja saa mbili na dakika arobaini. Hiyo ni wastani wa dakika 7 na sekunde 35 kila kilomita. Ila usiikimbie yote kwa wastani huo. Kilomita tano za kwanza nenda na 7:50, utapitwa na watu wengi sana, waache, hata yule mzee mwenye bukta iliyofifia muache aende. Kumi zinazofata shuka kwenye 7:35, ukifika kilomita ya 15 saa yako inatakiwa isome kama saa moja na dakika 55. Zile sita zilizobaki ndo uanze kuulizana na mwili, kama upo nenda 7:20, kama haupo baki palepale ulipo, utamaliza tu na hakuna atakayekudai.

Ila ukweli ni kwamba hizo namba ni za barabara tambarare, na tambarare Mbeya uitafute kwa tochi. Ukishika saa tu utajiumiza. Kipimo kizuri kuliko saa ni mdomo wako. Kila baada ya dakika chache sema kwa sauti sentensi nzima, mfano "mimi ni mwalimu, nafundisha darasa la nne, leo nakimbia kilomita ishirini na moja". Kama unaimaliza bila kuvuta pumzi katikati uko sawa. Kama imekatika mara moja, uko kwenye mwendo wa kilomita ya 12 na kuendelea. Kama unatoa neno mojamoja, na bado hujafika 18, punguza hapohapo, usisubiri kilomita iishe. Kwenye mlima kanuni ni hiyohiyo, unalinda pumzi, spidi iache ishuke yenyewe, hata ikiwa dakika nzima zaidi kwenye kilomita hiyo haina shida, fupisha hatua, mikono ifanye kazi, macho mita kumi mbele usiangalie kileleni.

Na kutembea siyo kushindwa. Mmarekani Jeff Galloway, aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich 1972, amefundisha watu wengi sana wanaoanza kwa njia ya kukimbia na kutembea kwa zamu, na kinachofanya ile njia ifanye kazi ni kwamba unatembea KABLA hujachoka. Wewe saivi unatembea baada ya kuishiwa, hiyo ni tofauti kubwa. Nakushauri toka kilomita ya kwanza kabisa kila kwenye meza ya maji tembea dakika moja, kunywa taratibu, alafu endelea, na kila mlima ambao sentensi yako inakatika, utembee kwa hatua za haraka mpaka juu. Utashangaa mwishoni wale waliokucheka unawakuta.

Najua kuna mtu atasema mbona Filbert Bayi alikuwa anaongoza toka mwanzo, na ni kweli, Christchurch mwaka 1974 alitangulia mwanzo mpaka mwisho akaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500, dakika 3 na sekunde 32. Lakini ile ni mbio inayoisha kabla hujamaliza kikombe cha chai, na yeye ni Bayi. Kwenye mbio ndefu mtazame Alphonce Simbu, Tokyo mwezi wa tisa 2025, kilomita 42 zote katulia ndani ya kundi, anaingia uwanjani Mjerumani Amanal Petros yuko mbele yake, na akamkamata kwenye hatua za mwisho kabisa, wote saa yao ikasoma 2:09:48, dhahabu ya dunia ikaja Tanzania kwa tofauti ya sekunde 0.03. Mtu mwenye uwezo ule wa kukimbia alikubali kukaa nyuma ya watu masaa mawili. Sisi wa masaa mawili na arobaini tunakimbilia nini kilomita ya kwanza?

Sasa mteremko, na hapa naomba usome taratibu kwasababu ndo jibu la zile ngazi za shule. Watu wengi wanaona mteremko ni zawadi, wakishapanda wanasema sasa nafidia, wanaachia miguu. Ukishuka, misuli ya paja la mbele inafanya kazi ya breki, yaani inajikaza huku inavutwa, na kazi ya namna hiyo ndo inachana nyuzi ndogondogo za misuli kuliko kazi yoyote nyingine ya kukimbia. Umeshaona lori linashuka Iwambi, likifika chini ile harufu ya breki? Paja lako linafika chini hivohivo, tofauti ni kwamba lenyewe harufu yake unaisikia kesho yake. Maumivu yanaanza kama masaa 12 mpaka 24 baadae, yanafika kileleni siku ya pili au ya tatu, ndo maana jumapili jioni unajiona mzima unajisifia na jumanne huwezi kukaa chooni. Naweza kukuwekea dhamana kwamba ile siku ya 14 kulikuwa na mteremko mrefu na uliuachia.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni siku yenyewe ya mbio: kwenye kushuka hatua ziwe fupi na za harakaharaka, mguu utue chini ya kiuno siyo mbele yako, goti likunjwe kidogo, usiegemee nyuma, maana ukiegemea nyuma ndo unakanyaga breki zaidi. Ya pili watu wengi hawaijui na ni nzuri mno, misuli ikishapata mteremko mara moja, ikauma ikapona, mara ya pili inauma kidogo sana, na ulinzi huo unakaa wiki kadhaa. Kwaiyo wiki tatu kabla ya mbio tafuta mteremko wa wastani, mfano barabara ya Chunya kule Kawetere, panda kwa kutembea alafu shuka taratibu kilomita mbili tatu, basi. Utaumwa siku mbili, acha uumwe, hiyo ni chanjo. Rudia mara moja baada ya siku kumi hivi, alafu usiguse tena mpaka siku ya mbio. Ila tafadhali mwalimu, usiende kufanyia hilo zoezi kwenye barabara kuu ya Zambia, malori ya pale hayana huruma, na alfajiri dereva hakuoni. Popote unapokimbia kimbia upande unaotazamana na magari na uvae kitu cheupe.

Wiki zako tano zipange hivi, kukimbia siku tatu kwa wiki kunatosha. Siku mbili fupi, kilomita tano mpaka saba za kuongea, na siku moja ndefu. Ndefu ya wiki hii iwe 15, inayofata 16, ya tatu 18, hapo ndo mwisho, hauhitaji kukimbia 21 kabla ya 21. Wiki ya nne rudi 12, na wiki ya mbio yenyewe kimbia mara mbili tu, nusu saa nusu saa, alhamisi ndo mwisho. Kuna kishawishi cha kufidia wiki ya mwisho ukiona hukufanya mazoezi ya kutosha, achana nacho, mazoezi ya wiki ya mwisho hayakuongezei kitu, yanakupeleka kwenye mstari umechoka.

Chakula nitapita harakaharaka. Jumamosi usiku wali wako wa Kyela au ndizi, mboga isiwe ya mafuta mengi, maharage yaache siku hiyo kwa sababu unazozijua, na parachichi tunalipenda wote huku ila asubuhi ya mbio linakaa tumboni sana. Amka mapema, kama masaa mawili na nusu kabla, chai ya sukari na mkate au ndizi mbivu mbili. Mbio yako inazidi saa moja na nusu kwaiyo utahitaji sukari njiani, gramu 30 hivi kwa saa, glukosi kwenye kichupa kidogo inatosha, au ndizi na pipi, ila ujaribu kwanza kwenye mazoezi, usile kitu kigeni siku ya mbio. Maji kunywa ukisikia kiu. Usinywe lita na lita ukidhani unajikinga, maji yakizidi yanazimua chumvi kwenye damu na hiyo inaweza kukulaza hospitali kabisa. Raba mpya pia usivae siku hiyo, hata kama zimefika jana toka Mwanjelwa na ni kali, na paka mafuta ya mgando kwenye vidole na makwapani.

Kitu kimoja naomba nikisisitize kwasababu nakiona kila mwaka: watu wanameza diklofenaki asubuhi ya mbio ili wasisikie maumivu. USIMEZE. Dawa za kundi hilo, ibuprofeni nayo imo, zinapunguza damu kwenda kwenye figo, na wewe unatoka jasho masaa mawili na zaidi, figo inaonewa pande zote mbili. Tena zinaficha maumivu ambayo yangekuambia usimame.

Haya, umevuka mstari. Usikae chini. Najua unatamani kulala kwenye majani, ila endelea kutembea dakika 10 mpaka 15, ukisimama ghafla damu inabaki miguuni kichwa kinazunguka, wengi wanaoanguka huangukia pale baada ya kumaliza. Vua tisheti iliyolowa haraka, uwe na sweta na nguo kavu kwa mtu anayekusubiri, upepo wa Mbeya na jasho haviendani kabisa. Kunywa kidogokidogo, na ndani ya saa moja mbili ule chakula cha kweli, kiwe na wanga na protini, ndizi nyama, wali na mayai, mtindi na viazi, chochote ambacho tumbo linakubali.

Jioni watataka kukukanda na maji ya moto. Kwa upendo wote waambie wasubiri. Misuli iliyochanika ukiikandamiza kwa nguvu siku ileile unaiongezea, kukandwa kwa kupapasa taratibu sawa, kukandwa kwa kugandamizwa mpaka unalia ngoja jumatano. Maji ya baridi yanapunguza maumivu kidogo, na bomba zetu huku zinatoa baridi bure, kwaiyo kama unapenda miminia miguu dakika kumi, kama hupendi haujakosa kitu kikubwa. Kinachoponya kweli ni usingizi. Jumapili usiku lala mapema, zima simu, picha za medali utaweka kesho.

Jumatatu darasani. Utaumwa, nisikudanganye, ila ukishuka miteremko nilivyokuambia yatakuwa maumivu ya kuchechemea kidogo siyo ya kushuka kinyumenyume. Usikae kwenye kiti kipindi kizima, zungukazunguka darasani, jioni tembea dakika 20 tambarare. Jumanne hivohivo. Kukimbia usikimbie mpaka ushuke ngazi bila kushika ukuta, kwa wengi ni alhamisi au ijumaa, na hapo ni dakika 20 za taratibu mno. Mazoezi magumu, milima na spidi, subiri wiki mbili zipite, hata kama siku ya sita unajisikia mzima, kwasababu maumivu yanaisha kabla misuli haijapona vizuri, na kano na mifupa ziko nyuma zaidi ya misuli. Hapo katikati ndo watu wanavunjikia goti.

Kuna maumivu mengine siyo ya kusubiri. Mkojo ukiwa na rangi ya kahawia kama soda nyeusi nenda hospitali siku hiyohiyo. Shavu la mguu mmoja tu likivimba na kuwa la moto, nenda. Mfupa ukiuma sehemu moja ambayo unaweza kuinyooshea kidole, hasa kwenye ugoko au kwenye mguu chini, na unauma hata ukitembea, usikimbie tena mpaka uangaliwe. Na kifua kikibana, iwe kwenye mbio au baada, simama, ita mtu wa huduma ya kwanza.

Mwisho nikuombe kitu kwa sababu wewe ni mwanamke na unaishi juu huku. Kabla ya mbio kapime wingi wa damu, ni kipimo cha dakika chache hata kwenye kituo cha afya. Mwili ukiwa mahali penye hewa nyepesi unatengeneza damu zaidi na unahitaji madini ya chuma, na kila mwezi unayapoteza, kwaiyo wapo kina dada wengi wanafanya mazoezi kwa bidii na hawaendi mbele, wanadhani ni wavivu kumbe damu iko chini. Kula maini, dagaa, mboga za majani na limao au chungwa pembeni, na ile chai ya Rungwe isogeze mbali na chakula kama saa moja, maana chai inazuia chuma kuingia mwilini. Kama damu iko chini niandikie kabla hujaongeza kilomita hata moja, tutapunguza na utakimbia 10 siku hiyo, na kama iko sawa endelea na mpango. 21 nyingine usijiandikishe kabla ya wiki sita kupita.